Maswali ya Wasomaji: Sahihi ya Mzazi Katika Fomu za Mashindano ya Farasi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzazi hapa Njoro, Kaunti ya Nakuru. Binti yetu mwenye umri wa miaka 16 anaishi na kusoma Lexington, jimbo la Kentucky, kwa mama yake mdogo. Anapenda sana farasi, na mkufunzi wake sasa anataka aingie kwa mara ya kwanza katika mashindano yanayotambuliwa na shirikisho la nchi hiyo. Tumeletewa fomu ya uanachama, fomu ya kuingia mashindanoni yenye nafasi kadhaa za sahihi, na maandishi marefu yanayosema kwamba hatutadai fidia mtoto akiumia. Mama mdogo yuko tayari kutia sahihi zote ili mambo yasichelewe. Je, hilo linafaa? Na tukishatia sahihi, ndiyo tumefungwa kabisa? — Mzazi, Njoro.

JIBU: Ndugu Mzazi, hilo halifai, na sababu si kwamba mama mdogo haaminiki. Kila nafasi ya sahihi katika fomu hiyo inabeba wajibu wake, na mtu anayejaza nafasi zote anajitwika mizigo ambayo huenda hata hakuisoma. Mashindano ya aina hii huko Marekani husimamiwa kwa kanuni za shirikisho la taifa la michezo ya farasi, lijulikanalo kwa kifupi kama USEF, ambalo makao yake yako huko huko Lexington. Fomu zake hutaka sahihi ya mpandaji, ya mwenye farasi au wakala wake, ya mkufunzi, na pia ya kocha, yaani anayemfundisha mpandaji, iwapo yupo; mpandaji akiwa mtoto, mzazi au mlezi wake hutia sahihi kwa niaba yake.

Nafasi ya kuogopwa kuliko zote ni ile ya mkufunzi. Kwa kanuni za shirikisho hilo, anayetia sahihi kama mkufunzi ndiye anayewajibika kwa hali ya farasi, na farasi akipimwa na kukutwa na dawa iliyokatazwa, yeye ndiye wa kwanza kutafutwa, hata kama hakumpa dawa hiyo kwa mkono wake, mpaka alete ushahidi wa kutosha wa kujitetea. Mtoto asipokuwa na mkufunzi, kanuni hutaka mzazi, mlezi au wakala wake aichukue nafasi hiyo, na hapo ndipo wazazi wengi wageni hunaswa, kwa kudhani kwamba wanajaza pengo la kawaida katika karatasi. Binti yenu anaye mkufunzi. Basi mkufunzi huyo atie sahihi yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, na akisitasita mwulizeni kwa nini.

Sasa tumtazame mama mdogo. Kwetu mama mdogo ni mama, na hapa Njoro hakuna atakayemdai hati kabla ya kumpeleka mtoto hospitali au kumwandikisha shuleni. Fomu ya Marekani haiendi kwa mila hiyo. Humtaka mzazi au mlezi anayetambuliwa na sheria, na kule kuishi tu na mtoto hakumfanyi mtu kuwa mlezi wa namna hiyo. Njia rahisi ni ninyi wazazi kujaza wenyewe, kwa kuwa uanachama na maombi mengi ya kuingia mashindanoni siku hizi hukamilishwa kwa mtandao, na umbali wa Njoro haukuzuii. Hata hivyo, siku ya mashindano hamtakuwapo uwanjani, na mtoto akianguka daktari atatafuta mtu mzima wa kuidhinisha matibabu. Kwa sababu hiyo ningewashauri mwone wakili hapa Nakuru awaandalie hati ya uwakili, inayompa mama mdogo mamlaka juu ya matibabu na shughuli za farasi, kisha mkaulize mapema kama hati hiyo itakubaliwa kule jinsi ilivyo au itahitaji uthibitisho zaidi. Hilo ni jambo la kushughulikiwa kabla ya mengine yote, maana ndilo linalochukua muda.

Kuhusu maandishi ya kutodai fidia, yasomeni yote. Kwa kawaida mtiaji sahihi hukubali kwamba mchezo wa farasi una hatari, huwasamehe waandaaji na shirikisho hata pale madhara yatakapotokana na uzembe wao, hukubali kufuata kanuni zote, na huruhusu picha za mpandaji zitumike. Mzazi huyakubali hayo yote kwa niaba ya mtoto. Majimbo mengi ya Marekani, Kentucky likiwamo, pia yana sheria zinazowalinda wenye mazizi dhidi ya madai yanayotokana na hatari za asili za mnyama, kama vile farasi kushtuka au kurusha teke, ingawa kinga hiyo kwa kawaida haimfuniki mtu aliyetoa tandiko bovu huku akijua ubovu wake.

Je, mmefungwa kabisa? Si lazima. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Kentucky iliamua kesi ya msichana wa miaka 11 aliyeumia kifundo cha mguu katika ukumbi wa kuruka kwenye trampolini, baada ya mama yake kukubali kwa niaba yake masharti ya kutodai. Mahakama ilisema kwamba makubaliano ya namna hiyo, yaliyofanywa na mzazi kabla ya ajali, hayawezi kutumiwa na biashara ya kutafuta faida kumnyima mtoto haki yake ya kudai. Uamuzi huo una mipaka: ulihusu biashara ya faida, na waandaaji wa mashindano ya farasi si wote walio wa aina hiyo; tena majimbo mengine huamua kinyume, kwa hiyo binti akipelekwa kushindana nje ya Kentucky swali hili huanza upya. Mimi ningetia sahihi, kwa kuwa bila hiyo hataruhusiwa kuingia uwanjani, lakini kabla ya hapo ningehakikisha kwamba bima yake ya afya inagharamia ajali za kupanda farasi. Bima hiyo itamfaa haraka zaidi kuliko kesi yoyote.

Katika uanachama jihadharini na jambo moja. Shirikisho hilo lina uanachama wa shabiki, ambao ni wa kufuatilia michezo, na uanachama wa kushindana. Ule wa kwanza haumpi mtu haki za mshindani. Mwenye farasi na mkufunzi nao huulizwa uanachama wao, na farasi mwenyewe huhitaji namba yake ya utambulisho. Umri wa mpandaji huhesabiwa kwa tarehe 1 Desemba, siku unapoanza mwaka wa mashindano, ambao huishia tarehe 30 Novemba. Kwa miaka 16, binti yenu yumo katika kundi la vijana bila shaka yoyote.

Karatasi za afya ya farasi ni kazi ya mwenye farasi. Kipimo cha Coggins huonyesha kama farasi ana ugonjwa wa kuambukiza wa upungufu wa damu, unaoenezwa na nzi wanaouma na usio na tiba, na kanuni za shirikisho hutaka chanjo za mafua na za virusi vya hepesi vya farasi ziwe zimetolewa ndani ya miezi 6. Msishangae kutoulizwa chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambayo wafugaji wetu wa Bonde la Ufa huitilia mkazo kila mwaka. Ugonjwa huo haupo Marekani.

SWALI: Mwanangu wa miaka 20 yuko chuoni Marekani na anataka kujaribu shindano moja tu la namna hiyo. Lazima ajiunge? — Mama, Kisumu.

JIBU: Mama, si lazima. Asiye mwanachama anaweza kulipa ada ya shindano hilo moja, ila alama atakazopata hazitahesabiwa katika orodha za mwaka. Akichagua uanachama wa kushindana, kwa kuwa amevuka miaka 18, atapaswa kumaliza mafunzo ya SafeSport ya kuzuia udhalilishaji michezoni, na akitaka kushiriki madaraja ya wasio wataalamu itambidi atamke rasmi kwamba halipwi kwa kupanda au kufundisha. Ikiwa amewahi kupokea malipo ya kuwafunza wengine, aliulize shirikisho kabla ya kujaza sehemu hiyo.