Plastiki iliyopigwa mionzi haibaki na mionzi
Je, taka za plastiki zikipigwa mionzi ili zirejelezwe vizuri zaidi, hubaki na mionzi? Hapana, hazibaki nayo. Miale ya gama kutoka kobalti-60 (kobalti inayotoa mionzi), au elektroni zenye nishati isiyozidi MeV 10 (megaelektronivolti, kizio cha nishati), huvunja vifungo vya kikemia tu. Kiini cha atomu hakibadiliki, kwa hiyo plastiki haigeuki kuwa chanzo cha mionzi. Mabomba ya sindano ya hospitalini husafishwa vijidudu kwa njia hiyohiyo, mara nyingi kwa dozi ya kilogrei 25 (kizio cha mionzi inayofyonzwa), na tunadungwa nayo bila hofu.

Faida yenyewe iko hapa: plastiki za aina tofauti zikiyeyushwa pamoja hazishikani vizuri, ndiyo maana bidhaa zake huvunjika upesi. Mionzi huacha ncha zilizo tayari kuungana kwenye minyororo ya molekuli, na ncha hizo zinaweza kuunganisha aina mbili ambazo kwa kawaida hukataana. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA) wana mpango mzima wa kazi hii, unaitwa NUTEC Plastics.

Ila si kila plastiki inanufaika sawa. Polietilini (plastiki ya mifuko) hufungamana na kuwa imara zaidi. Polipropilini (plastiki ya vifuniko vya chupa) ikipigwa peke yake, bila kemikali za kuongezwa, minyororo yake hukatika zaidi na inakuwa dhaifu. Na hata polietilini, ukizidisha dozi haiyeyuki tena, hivyo kuirejeleza mara nyingine ni shida kweli. Kuchambua na kuosha taka bado ni lazima, maana mionzi haiondoi mchanga wala rangi.