Kumkumbusha mteja miadi ya ushauri nasaha: kwa wanaoanza kazi

Ukianza kazi kwenye ofisi ya ushauri nasaha, iwe mapokezi au kwenye kiti cha mshauri mwenyewe, mapema tu utaachiwa jukumu la kuwakumbusha wateja miadi yao. Linaonekana jambo dogo la ukarani: jina, tarehe, saa, tuma. Lakini mteja hausomi ujumbe huo kama anavyosoma ujumbe wa fundi aliyemaliza kutengeneza gari. Anausoma akijua anachokuja kukisema. Neno lililokaa vibaya, saa isiyofaa, hata ukimya wa simu ambayo kwa kawaida hulia, vyote huingia naye chumbani.

Kwanza ujue ukumbusho unaweza nini. Kwamba ujumbe mfupi huongeza mahudhurio kwenye miadi ya afya kuliko kutokumbusha kabisa, hilo halina ubishi mkubwa. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yalifika hapo, na yaliona ujumbe unafanya kazi karibu sawa na simu ya kupigwa. Hata hivyo ujumbe unatibu kusahau tu. Mtu aliyekosa kwa sababu kikao kilichopita kilichokonoa kidonda, au hana nguvu hata ya kutoka kitandani, au hana hela ya kulipia, huyo hajasahau. Anakumbuka vizuri mno. Ukimtumia jumbe tatu badala ya mmoja umemkumbusha mara tatu kwamba anashindwa. Mteja akikosa mara mbili mfululizo na una uhakika ujumbe ulimfikia, acha kuongeza jumbe. Mshauri wake ampigie mwenyewe.

Wateja hawaupokei ujumbe kwa namna moja. Kuna anayefarijika: kumbe kuna mtu ana jina langu kichwani siku ambayo hatuonani. Kuna mwenye shida ya umakini ambaye bila ujumbe hafiki kabisa, na hushukuru. Kuna anayeona anafanywa mtoto. Kuna mwenye wasiwasi ambaye ujumbe wa jana yake humpa saa 24 za kuogopa, kwa hiyo angependa wa asubuhi hiyo hiyo au asipate kabisa. Na kuna ambaye simu yake hushikwa na watu wengine; kwake mlio wenyewe ni hatari.

Huwezi kukisia yupi ni yupi. Uliza, siku ya kwanza, kabla kikao hakijaanza, na uandike majibu kwenye jalada. Maswali manne yanatosha. Ungependa kukumbushwa au hapana? Kwa njia gani: ujumbe mfupi, simu, barua pepe? Kuna mtu mwingine anayeweza kuona simu au barua pepe yako? Nikipiga akapokea mtu mwingine, nijitambulishe vipi? Swali la tatu ndilo wageni wa kazi hii hulikwepa kwa kuona aibu. Usilikwepe, na usimuulize mbele ya aliyemsindikiza. Rudia maswali hayo kila baada ya miezi michache, maana watu huachana, huhama, hubadilisha namba. Kijana ambaye mzazi ndiye aliyemsajili aulizwe mwenyewe pia: ujumbe uende kwa mzazi peke yake, kwake, au kwa wote wawili? Ukienda kwa mzazi tu, kijana huhisi haraka kwamba kikao si chake.

Suala la muda lina mtego mmoja unaowaudhi wateja kuliko yote. Ofisi nyingi zina sharti kwamba anayeghairi chini ya saa 24 kabla atalipa. Halafu programu imepangwa kutuma ukumbusho saa 24 kabla, au 20. Mteja anasoma, anagundua ana udhuru, na dirisha limeshafungwa. Hapo anahisi ametegwa, na ana haki kuhisi hivyo. Kama sharti lenu ni saa 24, ukumbusho utoke saa 48 kabla. Wa pili, saa 2 au 3 kabla ya kikao, apelekewe aliyeuomba tu. Zaidi ya huo ni usumbufu.

Angalia pia programu inavyohesabu. Ukiiambia "saa 12 kabla" na kikao ni saa 2 asubuhi, ujumbe utalia saa 2 usiku, mezani, mbele ya familia nzima. Vikao vya Jumatatu hukumbushwa Jumamosi. Kama hakuna mtu wa kusoma majibu Jumamosi, peleka Ijumaa mchana. Weka kikomo: hakuna kinachotoka kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 1 jioni.

Sasa ujumbe wenyewe. Huu unafaa:

"Habari Asha. Tuna miadi Jumanne tarehe 14, saa 4 asubuhi. Ukihitaji kubadilisha, tuma ujumbe namba hii kabla ya Jumatatu saa 4 asubuhi."

Hesabu herufi zake pamoja na nafasi: hazifiki 140. Ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160. Ukizidi hukatwa vipande, na wakati mwingine kipande cha pili hufika peke yake kikiwa hakieleweki. Ukiweka kikatuni cha uso unaotabasamu, kikomo hushuka hadi 70. Sababu nyingine ya kutokiweka ni kwamba hujui huyo mtu ameamkaje leo.

Ona pia kisichokuwemo. Hakuna "tiba", "saikolojia", "ushauri nasaha", jina la kituo, wala jina la shida yake. Simu nyingi huonyesha mwanzo wa ujumbe hata kabla haijafunguliwa, na anayepita karibu na meza atausoma. Hakuna deni: ukumbusho wa miadi na ukumbusho wa malipo viende siku tofauti, kwa sababu mteja akiviona pamoja hukumbuka deni tu. Hakuna "usikose", hakuna "kwa mara ya mwisho", hakuna alama ya mshangao. Utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kumtajia mgonjwa wa kliniki za hospitali gharama ya miadi inayokosekana kulishusha wasiofika kutoka asilimia 11.1 hadi 8.4. Usiuhamishie huku bila kufikiri. Anayekuja kwako kwa sababu anajiona mzigo kwa watu, ukimwandikia kwamba akikosa atawatia watu hasara, unakuwa umemthibitishia.

Saa ichunguzwe kwa macho yako mwenyewe. Programu nyingi hazijui saa za Kiswahili. Kiolezo kikiandikwa "saa" na programu ikajaza "10:00", mteja atasoma saa kumi jioni wakati kikao ni saa nne asubuhi. Hili hutokea sana kuliko watu wanavyokiri, na kosa huandikwa kwa jina la mteja. Ama andika saa za Kiswahili kwa mkono pamoja na "asubuhi", "mchana" au "jioni", ama mpange na mteja kwamba mtatumia saa za tarakimu 24 na neno "saa" liondoke. Msichanganye. Kwa vikao vya mtandaoni ambapo mmoja yuko nchi nyingine, taja saa ya mahali alipo yeye, na ukague upya nchi yake inapobadilisha majira ya saa.

Jina linaloonekana juu ya ujumbe nalo ni sehemu ya ujumbe. Huduma za kutuma jumbe kwa wingi huruhusu kuweka jina badala ya namba, hadi herufi 11. Usiweke jina la kituo likiwa linajieleza. Na ukituma kwa jina, mteja hawezi kujibu. Mara nyingi utakuta ujumbe unasema "jibu NDIYO kuthibitisha" huku umetoka kwenye jina lisilopokea kitu. Mteja anajibu, jibu linagoma, anabaki anajiuliza kama nafasi yake ipo. Barua pepe ina hatari yake: kichwa cha barua husomeka bila kuifungua, na mwaliko wa kalenda ukienda kwenye anwani ya kazini huonekana na kila mwenye ruhusa ya kuiona kalenda hiyo. Kwenye WhatsApp, kuwaweka wateja kwenye kundi moja ili uwakumbushe kwa pamoja ni kuwaanika wote kwa namba zao. Usifanye hata mara moja.

Ukipiga simu, ukapokelewa na mtu usiyemjua, taja jina lako la kwanza, sema utapiga baadaye, kata. Akisisitiza kujua unatoka wapi, tumia jibu mlilokubaliana na mteja. Usibuni uongo papo hapo, maana baadaye mteja ataulizwa, na majibu yenu hayatafanana.

Kuthibitisha kusiwe mtihani. Asiyejibu usimhesabu kuwa haji, na usigawe nafasi yake. Wengine huona kujibu ni kama kuahidi, na kuahidi kunawatia hofu, lakini saa ikifika wako mlangoni.

Hapa nisikilizwe vizuri zaidi: namba yoyote inayotuma ukumbusho itajibiwa siku moja na mtu aliye kwenye hali mbaya. Atajibu usiku, kwa sababu ndiyo namba aliyonayo, labda kwa maneno mawili: "siwezi tena." Jueni kabla ya siku hiyo nani anasoma majibu na saa ngapi. Siku ya kwanza mteja aambiwe kwa mdomo na apewe kwa maandishi kwamba namba hii si ya dharura, na apewe ya dharura. Weka jibu la moja kwa moja linalosema hivyo nje ya saa za kazi. Kila asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, fungua majibu ya usiku.

Makosa yanayoumiza zaidi hutoka kwenye miadi inayojirudia. Mshauri ameghairi kikao cha wiki hii kwa simu, kalenda haikuguswa, mteja anapata ukumbusho, anakuja, anakuta mlango umefungwa. Au mteja alishamaliza, na miezi mitatu baadaye bado anakumbushwa. Au amefariki na ujumbe unaingia kwenye simu iliyoko kwa nduguze. Miadi ikighairiwa, ifute kwenye programu ukiwa bado kwenye simu na aliyeighairi. Ijumaa, pitia orodha ya wiki inayokuja jina kwa jina. Kwa wateja 40 ni kazi ya dakika kumi hivi.

Kinyume chake ni ukumbusho usiofika. Aliyezoea kupata ujumbe, asipoupata, wengine hudhani wamefutwa, hasa wenye historia ya kuachwa. Waambie mapema kwamba ujumbe ni msaada na mitandao hukwama, hivyo miadi ipo hata simu isipolia. Lakini kama ofisi iliahidi kukumbusha na haikukumbusha, kumtoza faini aliyekosa ni kujitafutia lawama. Msameheni.

Baadhi ya washauri, hasa wa mkondo wa Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, na waliomfuata, hawatumi ukumbusho kabisa: kwao kukosa kikao ni jambo la kuzungumzwa ndani ya kikao. Wana hoja, ila ili ifanye kazi, mteja awe ameelezwa tangu mwanzo.

Na asipofika? Subiri dakika 15, kisha andika: "Habari Asha, leo hatukuonana. Natumaini uko salama. Nafasi yako ya Jumanne ijayo bado ipo." Usiulize sababu kwa ujumbe. Kama jalada lake linasema yuko hatarini, usiandike, piga, na asipopokea fuata mpango wa usalama mliousaini naye.