Uliza Mwalimu: Mnara wa saa wa Kisumu ni wa nani?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Nyalenda. Binti yangu yuko gredi ya sita. Alipewa kazi aandike kuhusu mnara wa mjini kwetu unaokumbusha ziara ya kiongozi. Jumamosi nikampeleka kwenye mnara wa saa pale Oginga Odinga Street, akaandika kwamba ulijengwa kukumbuka ziara ya gavana Mwingereza, maana jina lake liko pale. Akapata alama zote. Lakini mama mkwe alipokuwa akisomewa kazi hiyo alinyamaza, kisha akauliza, "Na ile ya Kenyatta, ya Russia, mnara wake uko wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Nisaidie.
Mama Mzazi, Nyalenda

JIBU: Mama, asante kwa kumtoa mtoto nyumbani akajionee mwenyewe. Alama zake asinyang'anywe, ila kazi airudie, kwa sababu mnara ule si wa gavana.

Mwende tena, msome maandishi yote hadi mwisho, mtoto akifuatisha kwa kidole. Mwenye mnara ni Kassim Lakha, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1871 na kufariki Kampala mwaka 1910. Waliomjengea ni wanawe: Mohamed, Alibhai, Hassan na Rahimtulla. Gavana Sir Robert Brooke-Popham alikuja tarehe 19 Agosti 1938 kuuzindua tu. Kenya yenyewe aliitawala kuanzia 1937 hadi 1939, na mwaka uliofuata akapelekwa Singapore kuongoza majeshi ya Uingereza ya Mashariki ya Mbali.

Kosa la binti yako nalijua vizuri. Nimefundisha historia mjini humu zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka nilikuwa nawapeleka wanafunzi pale na madaftari yao. Nilikuwa nawaambia wanakili kila neno. Tukirudi darasani, nusu yao wana jina la gavana limeandikwa vizuri, hata "Sir" haikusahaulika, na jina la Kassim Lakha wameliruka. Kijana mmoja nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Mwalimu, huyu mwingine si mkubwa." Nilichukua chaki nikaandika 1871 ubaoni, na chini yake 1901.

Maana reli ilifika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901. Watoto wetu wameshazoea kusikia kwamba Wahindi waliletwa na reli, na ni kweli zaidi ya vibarua 30,000 waliajiriwa kutoka India kuijenga. Lakini Kassim Lakha alikuwa ameshafika upande huu wa bahari miaka thelathini kabla, wakati Kisumu hakuna stesheni, hakuna gati, wala hiyo barabara unaposimama mnara wake. Nilipenda kuwaacha wanafunzi waitoe wenyewe hiyo hesabu. Walikuwa wakishapata jibu wananyamaza kidogo, halafu maswali yanaanza: alikuja kwa nini, alisafiri na nani, alikula nini njiani. Basi hapo ndipo somo lilipokuwa linaanza. Binti yako naye apewe nafasi hiyo.

Sasa la mama mkwe. Yeye ameuliza swali zito kuliko la mwalimu, na hakuhitaji kwenda mjini kulipata.

Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua New Nyanza General Hospital, iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, msaada uliopatikana kwa mkono wa Jaramogi Oginga Odinga. Mji ulikuwa na uchungu. Tom Mboya, waziri kutoka jamii ya Waluo, alikuwa ameuawa Nairobi tarehe 5 Julai mwaka huohuo, na Jaramogi, aliyejiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966, alikuwa anaongoza chama cha upinzani, KPU. Kenyatta na Jaramogi walirushiana maneno mbele ya umati, watu wakapiga kelele, na walinzi wa rais na polisi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja watu 11 waliokufa. Wazee wa hapa hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Siku tano baadaye KPU ilipigwa marufuku, na Jaramogi akatiwa kizuizini. Kenyatta hakurudi Kisumu tena hadi alipofariki mwaka 1978.

Ilikuwa Jumamosi. Mimi nilikuwa na miaka minane na nilikuwa na homa, kwa hiyo niliachwa nyumbani. Dada yangu alienda. Alirudi jioni na kiatu kimoja cha shule, mguu mwingine una vumbi hadi gotini. Mama hakumuuliza kingine kiko wapi. Kile kilichobaki kilikaa chini ya kitanda hadi siku tulipohama, na hakuna aliyethubutu kukitupa.

Kwa hiyo, Mama, mwambie mama mkwe kwamba mnara wa ziara ile ni hospitali yenyewe. Serikali imeibadilisha jina, ikawa Nyanza Provincial General Hospital, na leo ni Jaramogi Oginga Odinga Teaching and Referral Hospital. Lakini panda boda pale Kibuye useme "Russia", utafikishwa langoni bila swali la pili.

Na ninakuomba jambo moja. Mnunulie binti daftari jipya, akae na bibi yake jioni, amuulize alikuwa wapi siku ile, alisimama na nani. Asimkatize. Bibi akinyamaza, amsubiri. Akimaliza kuandika niletee nakala, nitaichapa hapa bila kupunguza neno, ikiwa bibi ataridhia.

SWALI: Mwalimu, ni kweli Kisumu iliitwa Port Florence kwa heshima ya malkia aliyetutembelea?
Mwendesha Boda, Kibuye

JIBU: Hapana, ndugu. Florence alikuwa mke wa Ronald Preston, mhandisi wa reli. Alifuatana na mumewe njiani, wakilala hemani reli ikisogea, na yeye ndiye aliyepigilia msumari wa mwisho hapa ziwani. Na siku hiyo hapa palikuwa bado Uganda; tulihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902.