Kabla hujaagiza kompyuta mpya za ofisi

Ofisini kwetu tulikuwa na kompyuta 12 za mezani, na haikupita wiki bila mojawapo kwenda kwa fundi. Windows 10 ilipofikia ukomo wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, nyingi kati ya hizo hazikuwa na sifa za kupokea Windows 11. Bosi akaniagiza nimletee bei ya mashine mpya 12. Nilimpelekea bei ya seva moja, yaani kompyuta kuu inayozihudumia meza zote.

Programu na mafaili yote hukaa na kufanya kazi kwenye seva. Mezani panabaki skrini, kibodi, mausi na kisanduku kidogo kisicho na diski ya kuhifadhia. Sisi tuliweka Linux, mfumo endeshi wa bure, na LibreOffice, programu za bure za kazi za ofisi. Ukitaka Windows, anza na hesabu ya leseni, maana mbali na ile ya seva, kila mtumiaji au kila kifaa hulipiwa yake. Wengi hulijua hilo vifaa vikiwa vimeshafika.

Visanduku msivinunue vyote kwa mara moja. Kompyuta zetu zilizokuwa bado zima tulizing'oa diski, zikawa zinapakia mfumo kutoka kwenye seva kupitia kebo ya mtandao; ikifa moja ndipo tunanunua kisanduku. Nafuu ya umeme huja hapo: kompyuta ikila wati 80 na kisanduku 10, kwa 12 zinazowaka saa nane kwa siku, siku 22, unaokoa karibu yuniti 148 kwa mwezi. Toa yuniti zinazoliwa na seva, na uizime jioni. Mhariri wa video mwachie mashine yake, kazi yake ni nzito mno kwa mpango huu.

Sehemu ya akiba hiyo irudi kuilinda seva. Mimi niliiunganisha na UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika) ya zamani bila kupima betri. Umeme ukakatika saa tano asubuhi, seva ikazima papo hapo, ofisi nzima ikasimama. Mhasibu wetu alikuwa katikati ya mishahara, akaanza upya. Iliniuma sana. Tukanunua UPS mpya, tukachomeka humo seva pamoja na swichi inayounganisha kebo za mtandao, tukaweka diski mbili zinazobeba nakala ileile.

Mwezi uliofuata umeme ulikatika tena kwa dakika kumi. Skrini zilizima, seva ikaendelea. Uliporudi, yule mhasibu akaingiza nywila yake, akakuta kishale kwenye mshahara wa dereva, tarakimu tatu zimeshaandikwa. Akamalizia tatu zilizobaki.