Zumari iko kulia, mbona inalia kushoto?

Kila Maulidi yakipita hapa Lamu, simu yangu hujaa video za watu. Huyu kanasa ngoma ya kirumbizi, yule kanasa ya goma, mwengine karekodi matari pale msikiti wa Riyadha, na swali ni lile lile: mpiga zumari anaonekana huku, sauti yake inatoka kule. Jibu la haraka ni kwamba chaneli mbili za stirio, ya kushoto na ya kulia, zimepishana, na kuzigeuza ni kubofya mara moja tu. Ila ningeomba usibofye kwanza. Rekodi nyingi ninazoletewa hazina kasoro yoyote. Anayesikiliza kavaa hedifoni kinyume. Tafuta zile herufi ndogo, L ya kushoto na R ya kulia, uzivae sawa, kisha ndipo tuzungumze.

Jambo la kuamua mapema ni kushoto kwa nani. Wapigaji matari wakikaa safu wakikutazama, mkono wao wa kulia uko kushoto kwako. Kwenye stirio tunafuata masikio ya msikilizaji, si ya mpigaji, na kama kuna video tunafuata jicho la kamera. Ndiyo maana ukiweka rekoda nyuma ya wapigaji na kamera mbele yao, sauti na picha zitapingana hata kama kila kifaa kimefanya kazi yake barabara. Alan Blumlein, mhandisi Mwingereza aliyeomba hataza ya mambo haya mwaka 1931 akiwa kampuni ya EMI, alitaka sauti imfuate mwigizaji anapotembea kwenye skrini. Kwa hiyo hoja ya picha na sauti kukubaliana si ushabiki wangu mimi, ndiyo asili ya mchezo wenyewe.

Sisi wa Lamu tuna kipimo cha bure. Mji umeelekea mashariki, ng'ambo ya mlango wa bahari iko Manda, na Shela iko kusini. Ukisimama ukutani pale pwani ukatazama maji, boti inayotoka Shela itaingia kutokea kulia kwako na kuelekea kushoto. Rekodi mngurumo wa mashine yake mpaka ipite. Ukisikiliza baadaye boti ikaenda kinyume, kifaa chako au waya wako umegeuza, na umelijua hilo kabla ya harusi ya watu. Mjini ndani, vichochoroni, kipimo hiki hakisaidii sana. Kuta za mawe zinarudisha sauti kila upande, hata punda wa nyuma utadhani yuko mbele.

Chanzo kikubwa cha mgeuko ni rekoda iliyoning'inizwa kichwa chini. Watu hupenda kuifunga kwenye boriti ili isikanyagwe, na hapo maikrofoni ya kushoto inakuwa kulia. Chanzo cha pili ni zile rekoda zenye maikrofoni mbili zilizopishana kama mkasi. Iliyo upande wa kushoto inaelekea kulia, na inaingia chaneli ya kulia, kama inavyotakiwa. Mtu akitaka kujaribu huikwaruza ile ya kushoto kwa kidole, akaona taa ya kulia inaruka, akaamini mashine imeharibika. Usikwaruze. Simama hatua chache upande wa kushoto, sema "kushoto", kisha uhamie upande wa pili useme "kulia". Maneno hayo mawili yabaki mwanzoni mwa rekodi, yatakusaidia hata miaka ikipita.

Ukishahakikisha kweli imegeuka, fungua faili kwenye programu ya Audacity, bonyeza menyu iliyo kwenye jina la treki, uchague "Swap Stereo Channels". Basi. Kwa video mimi natumia FFmpeg, programu ya kuandikiwa amri, kwa sababu inaiacha picha kama ilivyo na kugusa sauti peke yake:

ffmpeg -i goma.mp4 -af "pan=stereo|c0=c1|c1=c0" -c:v copy goma_sawa.mp4

Hesabu yake huanza sifuri, kwa hiyo c0 ni kushoto na c1 ni kulia. Kama rekoda iligeuzwa katikati ya shughuli, usigeuze treki nzima. Kikate kipande kilichogeuka, kiweke kwenye treki yake, kigeuze, kisha ukirudishe, na mkato uwe mahali pa kimya, watu wanapovuta pumzi baina ya kasida mbili. Na kama ulicho nacho ni MP3, hifadhi kazi yako kuwa WAV au FLAC, aina za faili zisizopunguza ubora wa sauti. Kila ukihifadhi upya kuwa MP3 ubora wa sauti unapungua kidogo, na matari ndiyo huumia mwanzo: ule mlio mkali wa juu unageuka mchanga.

Kanda za zamani ni habari nyingine, na ndizo ninazozipenda. Majumbani mwetu bado kuna makasha ya kanda za harusi na taarabu. Nyingi zilirekodiwa kwa maikrofoni moja, kwa hiyo pande zote mbili ni sauti ile ile na kugeuza hakubadilishi kitu. Kuhakikisha, tenganisha chaneli mbili, ipindue moja kwa amri ya "Invert", kisha zichanganye ziwe chaneli moja. Sauti ikitoweka yote, hiyo si stirio. Kwa kanda, lakini, kutoweka kabisa ni nadra. Utabaki mvumo wa kanda na sauti hafifu, na hiyo nayo inatosha kukujulisha. Tahadhari tu: kupindua na kugeuza ni vitu viwili. Kugeuza kunahamisha pande. Kupindua kunafanya pande zigombane, na ukisikiliza kwenye spika moja ya simu mwimbaji anaweza kupotea.

Kwenye kanda, kugeuza waya kuna faida kubwa kuliko kugeuza faili, maana ndiyo njia ya kumtafuta mchawi. Chumvi ya bahari inakula plagi zetu, na mara kwa mara upande mmoja unanyamaza. Kwenye waya unaotoka deki, yaani mashine ya kuchezea kanda, kwenda kompyuta, plagi nyekundu ni kulia, nyeupe au nyeusi ni kushoto. Anza upande wa kompyuta: chomoa zote mbili, uzipishanishe. Ukimya ukihamia upande wa pili, kosa liko nyuma, kwenye waya au kwenye deki. Ukibaki pale pale, tundu la kompyuta ndilo bovu. Ikiwa umehama, rudisha kama zamani, kisha pishanisha upande wa deki. Ukihama tena, deki ndiyo yenye kosa, na mara nyingi kichwa chake kinataka kupanguswa kwa spiriti na pamba. Usipohama, tupa waya. Nimeona mtu anauziwa deki nyengine na fundi kwa kosa la waya wa bei ya chai.

Ukimaliza, kumbuka kurudisha nyekundu kwenye nyekundu. Plagi zilizosahaulika zimepishana zitageuza kila kanda utakayocheza baada ya hapo, na utakaa unageuza mafaili moja moja.

Kwa kanda ya stirio isiyo na picha, pa kuuliza ni kwa waliokuwepo. Mzee mmoja wa mtaa wa Langoni nilimvisha hedifoni asikilize kanda ya harusi, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, udi ulikaa huku, karibu na mlango." Akanyosha mkono wa kulia. Nikamwomba anieleze yeye alikuwa amekaa wapi. Alikuwa nyuma ya wapigaji, pamoja na watu wa kahawa. Kanda hiyo sikuigeuza.

Faili la asili usilifute hata siku moja. Na kama ni hotuba ya mtu mmoja aliyesimama katikati, iache tu, hakuna atakayejua tofauti.