Maswali ya Wasomaji: Je, ayini ni herufi bubu?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Nasomea theolojia hapa Nairobi na muhula huu nimeanza Kiebrania. Mwalimu wetu husema kwamba ayini, herufi ya 16, haina sauti na kwamba tuisome kama alefu, herufi ya kwanza. Lakini nimesikia rekodi ya Wayahudi wa Yemeni wakiitamka kwa nguvu kooni. Isitoshe, katika Mwanzo 10:19 tunasoma Gaza na Gomora, majina ambayo kwa Kiebrania huanza na ayini, ilhali Esau, anayeandikwa kwa herufi hiyo hiyo, hana g. Tufuate lipi? – Msomaji, Kasarani.

JIBU: Ndugu msomaji, mwalimu wako anawafundisha matamshi ya Waisraeli walio wengi leo, kwa hiyo hajawapotosha, lakini kuiita herufi hiyo bubu ni kuipunja. Sauti yake hutolewa kwa kurudisha shina la ulimi nyuma hadi koromeo libane, huku nyuzi za sauti zikitetema na pumzi ikiendelea kupita. Kuisikia hakuhitaji safari ndefu: nenda Eastleigh umsikilize Msomali akitamka jina Cali, ambalo sisi huliandika Ali, kwani c hiyo ya Kisomali ndiyo ayini yenyewe. Waliosoma madrasa wanaijua vilevile, ingawa Kiswahili kiliidondosha kilipopokea kutoka Kiarabu maneno kama elimu, saa na alasiri. Wayahudi wa Ulaya waliipoteza kwa njia hiyo hiyo, kwa kuwa lugha zilizowazunguka hazikuwa nayo, ilhali wale wa Yemeni, waliozungumza Kiarabu, walibaki nayo. Hata hivyo, ugonjwa huu ni wa kale: Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, katika kitabu cha Megila, inakataza watu wa Haifa na Beth-Sheani kuongoza sala, kwa sababu alefu huisoma ayini na ayini wakaisoma alefu.

Kuhusu Gaza na Gomora, zamani herufi hii moja ilibeba sauti mbili: hiyo niliyoieleza, na nyingine iliyofanana na gh katika neno ghali. Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki katika karne ya 3 KK bado walizitofautisha, wakaiandika gh kwa g ya Kigiriki, na ile nyingine, ambayo Kigiriki hakikuwa na herufi yake, wakaiacha. Majina ya Biblia zetu yamepitia mlango huo. Waarabu husema Ghazza hadi leo.

Ushauri wangu ni kwamba uitamke, hasa unaposoma Maandiko kwa sauti. Katika Mwanzo 3:21 Mungu anawavika Adamu na mkewe mavazi ya ngozi, na neno la Kiebrania la ngozi, likiondolewa ayini yake, halitofautiani kwa sikio na or, yaani nuru. Mapokeo ya marabi yanasimulia kwamba nakala ya Torati ya Rabi Meiri iliandika “mavazi ya nuru”, tofauti ya herufi moja tu.

Anza mazoezi na neno shema, yaani sikia, katika Kumbukumbu la Torati 6:4, ambamo waandishi wa hati za kukunjwa huikuza ayini, herufi ya mwisho ya neno hilo, kuliko herufi jirani. Ukifika kwenye a ya mwisho, usiikate ghafla. Iendeleze huku ukibana koo polepole, na umwombe rafiki Msomali akusahihishe.