Re: Kwanini mzee atainamishwa kichwa chini akiwekewa pesimeka?

Mkuu pole na mzee, usiogope kabisa, hiyo meza ya eksirei atakayolazwa inainamishwa makusudi. Waya za pesimeka, yaani kifaa kidogo cha kuusaidia moyo upige sawasawa, zinapitishwa kwenye mshipa mkubwa chini ya mtulinga, sasa kichwa kikishuka kidogo tu, nyuzi 10 hadi 15 hivi, damu inajaa pale mshipa unatuna, sindano inaupata kirahisi na hewa inakuwa ngumu kuvutwa ndani mzee akivuta pumzi, maana hewa ikiingia huko ni hatari kweli. Presha ikishuka ghafla pia wanaweza kuinamisha. Ubao wa hiyo meza mara nyingi ni kaboni fiba (plastiki ngumu yenye nyuzinyuzi za kaboni), eksirei inapita bila kuharibu picha. Ila kama mzee akilala chali anabanwa pumzi, waambieni madaktari kabla hajapanda mezani, hilo msilinyamazie.